John Newton, Nahodha wa Merikebu ya Watumwa

Katika mwaka wa 1725, katika mtaa wa Wapping mjini London, mahali pa mabaharia kando ya mto Thames, alizaliwa mtoto mwanamume, akapewa jina la baba yake, John Newton. Baba alikuwa nahodha wa merikebu za biashara, mtu mkali wa maneno machache, na siku nyingi za mwaka alikuwa baharini. Kwa hiyo mtoto alilelewa na mama. Mama huyo alikuwa mgonjwa wa kifua, lakini alimfundisha mwanawe kusoma alipokuwa angali mdogo sana, akamkaririsha maandiko na nyimbo za kanisa, akamwombea mara nyingi kwa machozi. Haja ya moyo wake ilikuwa kwamba mwanawe awe mchungaji wa watu. Alikufa mwaka wa 1732, siku chache tu kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Hakuona hata dalili moja kwamba sala zake zimesikiwa. Na kama angaliishi miaka kumi na mitano zaidi, angaliona mambo ya kumfanya adhani kwamba zimetupwa.

Baba alioa mke mwingine, akampeleka mtoto shuleni kwa muda wa miaka miwili, na alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja akamchukua baharini. Kijana alijifunza kazi ya merikebu upesi, na matusi ya mabaharia akajifunza upesi zaidi. Mara tatu au nne alishikwa na hofu ya Mungu, akafunga, akasoma sana Biblia, akajitenga na wenzake, kisha akachoka na kuacha yote. Toba ya namna hiyo ni kama moto wa majani makavu. Huwaka sana, na baada ya kitambo kidogo hapana hata kaa la kuwashia taa.

Zamani zile serikali ya Uingereza, ilipoona vita vi karibu, ilikuwa na desturi ya kuwakamata vijana wa bandarini na kuwatia kwa nguvu katika manowari zake. Newton alikamatwa hivyo mwaka wa 1744, akatiwa katika manowari iliyoitwa Harwich. Humo alikutana na mtu mwenye ulimi mtamu aliyemshawishi aache kumwamini Mungu, naye akaacha. Wala hakutosheka kupotea peke yake. Alikuwamo kijana mwenziwe jina lake Lewis, mtu mtulivu mwenye adabu. Newton alimfuata kwa hoja na mzaha mpaka akaivunja imani yake. Jambo hilo tulitie moyoni, kwa maana litarudi.

Baadaye Newton alitoroka, akashikwa, akapigwa viboko mbele ya mabaharia wote, akavuliwa cheo chake. Mwaka wa 1745, manowari ilipotia nanga kisiwani Madeira, alibadilishwa na mtu mwingine, akaingia katika merikebu iliyokuwa ikienda Afrika ya Magharibi kununua watumwa. Yeye alifurahi, si kwa sababu ya biashara, bali kwa sababu alidhani kwamba katika nchi ambayo hakuna anayemjua angeweza kufanya uovu wote apendao.

Karibu na pwani ya Sierra Leone viko visiwa vidogo viitwavyo visiwa vya Plantain. Huko alikaa Mzungu mmoja mwenye kununua na kuuza watumwa, na Newton akawa mfanyakazi wake. Mzungu huyo aliishi na mwanamke wa nchi ile, mwenye cheo kwa watu wake, naye alimchukia Newton tangu mwanzo. Bwana aliposafiri, Newton akashikwa na homa kali, akalazwa juu ya mkeka na gogo la mti likawa mto wake. Alipoomba maji hakupewa. Alipopata nafuu kidogo, alitupiwa makombo yaliyobaki katika sahani ya bibi yule. Usiku alitoka kwa siri kwenda shambani, akang'oa mizizi akaila mibichi, ikamtapisha. Mtoto huyu wa nahodha sasa alikuwa na shati moja tu, naye alilifua usiku penye miamba na kulivaa lingali bichi.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo yeye mwenyewe aliliandika baadaye, ingawa alichukua miaka mingi kabla ya kulielewa. Katika kisiwa kile walikuwako watumwa waliofungwa minyororo, wakingojea merikebu za kuwachukua. Chakula chao kilikuwa kidogo, cha kuwatosha kuishi tu. Watu hao walimwona Mzungu aliye mgonjwa, mwenye njaa, wakapunguza chakula chao wenyewe, wakamletea kwa siri. Hawakuwa na sababu yo yote ya kumpenda. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja kuwanunua. Lakini walimwonea huruma, wakamlisha, naye akapona. Kisha merikebu zikaja zikawachukua, na Newton hakuandika jina la hata mmoja wao.

Baba yake alipopata habari alimwomba rafiki mmoja amtafute, na mwaka wa 1747 merikebu iliyoitwa Greyhound ikamkuta pwani, ikamchukua. Haikuwa ya watumwa. Ilipakia dhahabu, pembe za ndovu, nta na miti ya rangi. Katika safari ya kurudi Newton alitukana na kukufuru hata nahodha, ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa dini, akaanza kuogopa kwamba amempakia Yona. Hata usiku mmoja wa mwezi wa Machi, 1748, dhoruba kali iliipiga merikebu wakiwa katikati ya bahari ya Atlantiki. Newton aliamka maji yakiingia chumbani. Alikuwa akipanda ngazi kwenda juu, nahodha akamwambia arudi kuleta kisu. Mtu mwingine akapanda mahali pake, na wimbi likamchukua mtu yule moja kwa moja, asionekane tena.

Mbao za upande mmoja zilikuwa zimevunjika. Walifua maji usiku kucha, wakaziba nyufa kwa nguo na matandiko. Nta na miti iliyokuwa ndani ndiyo iliyoizuia merikebu isizame, kwa kuwa ni vitu vyepesi kuliko maji. Newton alifua maji tangu alfajiri mpaka karibu adhuhuri, na alipokuwa hana nguvu tena akaenda penye usukani, akauongoza mpaka usiku wa manane. Katika kazi ile neno la kuomba rehema lilimtoka mdomoni bila kukusudia, naye akashangaa kulisikia. Akaanza kukumbuka maneno aliyofundishwa na mama yake. Baada ya karibu wiki nne, chakula cha mwisho kikiwa motoni, walifika bandari moja katika Ireland.

Watu wengi husimulia habari za Newton mpaka hapo, kisha huruka mpaka siku alipokuwa mchungaji, kama kwamba usiku mmoja wa dhoruba ulitosha kumgeuza mtu. Haikuwa hivyo. Aliacha matusi tangu siku ile, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa baharia. Alisali, na siku ile ya dhoruba aliikumbuka kila mwaka mpaka kufa kwake. Lakini mwaka ule ule wa 1748 alirudi Afrika akiwa msaidizi wa nahodha katika merikebu ya watumwa, akazunguka kwa mashua toka kijiji mpaka kijiji kununua watu, na mambo yake mengine ya zamani yakamrudia. Alishikwa na homa kisiwani, mahali pale pale pa aibu yake ya kwanza. Akajikokota mpaka mahali pa faragha, akasali tena. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba katika miaka ile hakuwa bado Mkristo wa kweli kamili.

Mwaka wa 1750 alimwoa Mary Catlett, msichana aliyempenda tangu ujana wake. Mwaka ule ule akapewa merikebu yake mwenyewe, na mpaka mwaka wa 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha: kutoka Liverpool mpaka Afrika, kutoka Afrika mpaka visiwa vya Karibi ng'ambo ya Atlantiki, na kutoka huko kurudi na sukari. Biashara hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia tatu, na watu waliopakiwa katika pwani za Afrika wapelekwe ng'ambo walipita milioni 12. Wengi sana hawakufika.

Siku za Jumapili nahodha Newton aliwakusanya mabaharia wake kwa ibada mara mbili. Hakuruhusu matusi. Chumbani mwake alisoma Biblia na kujifunza Kilatini, akamwandikia mkewe barua za upendo. Na chini ya chumba kile, katika tumbo la merikebu, watu walilazwa kwa safu, wawili wawili wamefungwa pamoja mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, mahali ambapo mtu hakuweza kukaa kitako. Mmoja alipokufa, Newton aliandika katika daftari tarehe na namba ya mtumwa aliyetupwa baharini, jina halikuandikwa. Walipogundua kwamba watumwa wamefanya shauri la kuasi, alitumia chombo cha chuma cha kubana vidole gumba ili waseme. Alifanya hivyo hata kwa vijana wadogo. Kisha akaandika katika daftari lake shukrani kwa Mungu aliyemwokoa na hatari.

Mtoto anayesoma habari hii atauliza jinsi mtu mmoja awezavyo kusali juu na kutesa chini. Newton hakuwa mnafiki. Alisali kwa moyo wake wote. Ila alikuwa ametubu dhambi zile alizozionea haya tu, na biashara ile hakuionea haya, kwa sababu matajiri wa Liverpool waliifanya na hakuna rafiki hata mmoja aliyemwonya. Hata hivyo si kweli kwamba hakuna aliyejua. Tangu mwaka wa 1688 Wakristo wachache wa Pennsylvania walikuwa wameandika kwamba kumnunua mtu ni dhambi. Na watumwa wenyewe walimwambia kila siku kwa vilio vyao, lakini lugha hiyo alikuwa hajajifunza kuisikia. Kazi yenyewe hakuipenda. Alijiona kama bwana jela, akamwomba Mungu ampe kazi nyingine yenye utu zaidi. Sala ile ilikuwa njema, ila ilikuwa ya kujiombea mwenyewe, na wale wa chini hawakuwamo ndani yake.

Hata hivyo toba ilianza kumwuma upande mmoja. Kabla ya safari yake ya tatu alimkuta Liverpool yule Lewis aliyempoteza katika manowari. Newton alijaribu kumrudisha, akaona kwamba ni rahisi kuivunja imani ya mtu kuliko kuijenga tena. Lewis alimjibu kwa hoja zile zile alizofundishwa na Newton. Basi Newton alimchukua katika merikebu yake ili akae naye, asali mbele yake, amwonye kila siku. Haikufaa kitu. Pwani ya Afrika alimnunulia jahazi dogo ili afanye biashara, wakaachana; baada ya siku chache Lewis alishikwa na homa akafa, bila amani. Newton aliona kwamba Mungu amemsamehe yeye, lakini dhara alilolifanya limekwenda zake duniani na hawezi kulirudisha. Tangu hapo aliwaombea wengine kwa namna nyingine, kama mdeni.

Mwezi wa Novemba, 1754, zikiwa zimebaki siku mbili tu asafiri tena, alikuwa ameketi na mkewe wakinywa chai, mara akaanguka, akakaa karibu saa nzima bila fahamu. Waganga walimkataza kusafiri. Akaacha bahari, na mwaka uliofuata akapata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool. Huko alijifunza Kigiriki na Kiebrania ili asome maandiko katika lugha zake za asili, akawatembelea Wakristo wa kila dhehebu. Aliomba kupewa daraja la ukasisi, akakataliwa mara kwa mara, mpaka mwaka wa 1764 alipopewa, akapelekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini waliofuma lesi kwa mikono. Mwaka ule ule kitabu cha habari za maisha yake kikatoka, naye akawa maarufu. Humo alikiri mambo mengi, lakini juu ya watumwa alisema machache. Ilikuwa miaka kumi tangu aache merikebu, na bado jicho lake halijafumbuka.

Kule Olney Newton alikuwa mchungaji wa kweli. Aliwafundisha watoto, akawatembelea wafuma lesi penye kazi zao, akaanzisha mkutano wa sala uliojaa hata wakahamia chumba kikubwa zaidi. Watu walimletea taabu zao, naye akazitaja mbele za Mungu. Mwaka wa 1767 alihamia huko mtunga mashairi mmoja aliyeitwa William Cowper, mtu mpole mwenye akili nyingi, ambaye tangu ujana alikuwa na ugonjwa wa huzuni. Wakawa ndugu. Wakatunga pamoja kitabu cha nyimbo za kanisa zaidi ya 300, kilichopigwa chapa mwaka wa 1779. Na mojawapo ya nyimbo hizo, aliyoitunga Newton kwa ibada ya tarehe 1 Januari 1773, huimbwa mpaka leo katika nchi nyingi za dunia.

Lakini katika mwezi ule ule wa Januari ugonjwa wa Cowper ulirudi kwa nguvu. Alisadiki kwamba Mungu amemtupa milele, na kwamba yeye peke yake katika watu wote amekatazwa hata kusali. Usiku mmoja alitaka kujiua. Newton aliitwa, akaenda. Baadaye Cowper aliingia nyumbani mwa Newton, akakataa kutoka, akakaa humo zaidi ya mwaka mzima. Newton na mkewe walimlisha, walimlinda usiku, walivumilia kilio chake. Mara nyingine Newton alichoka, naye aliwaandikia hivyo rafiki zake, lakini hakumfukuza. Kwa kuwa Cowper alidhani hana ruhusa ya kusali, Newton alisali mahali pake, kama mtu achukuaye mzigo wa mwenziwe aliyevunjika mkono. Cowper alipata nafuu ya akili, akaandika mashairi yaliyopendwa na Uingereza yote. Bali tumaini lake kwa Mungu halikumrudia mpaka alipokufa mwaka wa 1800. Newton alimwombea miaka ishirini na saba, na jibu alilolitaka hakuliona kwa macho.

Mwaka wa 1780 Newton alihamishiwa London, kanisa la St Mary Woolnoth. Siku moja ya Desemba, 1785, kijana wa Bunge la Uingereza jina lake William Wilberforce alikuja nyumbani kwake kwa siri. Alikuwa na miaka 26, tajiri, mwenye maneno mazuri, rafiki wa mawaziri. Aliona haya kuonekana kwa mchungaji yule, akauzunguka uwanja mara mbili kabla ya kubisha hodi. Alipokuwa mtoto alikuwa amemsikia Newton akihubiri, kisha akaachana na dini. Sasa moyo umerudi, naye alitaka kuacha mambo ya serikali ili amtumikie Mungu. Newton alimwambia kwamba hakuacha kamwe kumtumaini Mungu juu yake. Kisha akamshauri abaki Bungeni, awatumikie watu mahali pale pale. Kama Newton angalimpa shauri lingine siku ile, habari za watumwa zingaliongezeka miaka mingi ya uchungu.

Tangu mwaka wa 1787 Wilberforce na rafiki zake walianza kupigania biashara ya watumwa iondolewe. Walihitaji mashahidi. Wafanya biashara walisema kwamba watumwa husafiri kwa raha, wakiimba na kucheza sitahani. Nani angewakanusha? Watumwa wenyewe hawakuitwa Bungeni. Mabaharia waliojua waliogopa. Newton alikuwa na umri wa miaka 62, kasisi mwenye heshima, ambaye nyimbo zake ziliimbwa makanisani. Watu walijua kwamba aliwahi kufanya biashara ile, lakini hakuna aliyemdai aseme mambo aliyoyatenda kwa mikono yake. Angeweza kunyamaza.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1788 alitoa kijitabu juu ya biashara ya watumwa wa Afrika. Alianza kwa kukiri kwamba ungamo lake limechelewa mno, na kwamba haliwezi kuondoa taabu aliyosaidia kuileta. Kisha akaeleza yote: nafasi aliyopewa kila mtu kulala, minyororo, joto, maiti na hai waliokutwa asubuhi wamefungwa pamoja. Alieleza viboko, na vyombo vya kubana vidole. Alieleza mambo waliyotendwa wanawake. Alieleza habari za msaidizi mmoja wa nahodha aliyenunua msichana mwenye mtoto wa mwaka mmoja, wakapandishwa mashuani. Usiku mtoto akalia, msaidizi yule akakosa usingizi, akaamka kwa hasira, akamnyang'anya mama mtoto akamtupa baharini. Mama naye alilia, lakini hakutupwa, kwa sababu alikuwa na bei kubwa. Ndipo Waingereza wengi walipopata kusikia kilio ambacho Newton mwenyewe alilala juu yake miaka mingi.

Miaka arobaini ilikuwa imepita tangu dhoruba ya Atlantiki. Katika dhoruba alitubu matusi. Kwa ajili ya Lewis alitubu rafiki aliyempoteza. Sasa alifika chini kabisa, penye tumbo la merikebu. Kijitabu kile kilipigwa chapa kwa maelfu, na wote waliokuwa Bungeni wakapelekewa. Mwaka ule Newton aliitwa mbele ya Baraza la Mfalme kutoa ushahidi, na mwaka wa 1790 mbele ya kamati ya Bunge, akajibu maswali yote pasipo kujitetea. Mkewe Mary alikuwa akiugua saratani wakati ule. Alikufa Desemba ya mwaka ule ule wa 1790. Cowper naye, ingawa katika giza lake, alitunga mashairi ya kuwatetea watumwa.

Kazi ilikuwa ndefu. Karibu kila mwaka Wilberforce alileta shauri Bungeni, na kila mara akashindwa. Newton alizidi kuzeeka, macho yakafifia, akamwombea na kumwandikia asikate tamaa. Nyumbani mwake na makanisani alikuwa na shughuli nyingine pia. Mwaka wa 1783 alikuwa amesaidia kuanzisha mkutano wa wachungaji wa kuzungumza mambo ya dini, na katika mazungumzo ya mkutano ule ndimo kilimozaliwa, mwaka wa 1799, chama cha misioni cha C.M.S. Ni chama hicho kilichompeleka Krapf Mombasa mwaka wa 1844, na ndicho kilichojenga kijiji cha Freretown, ng'ambo ya Mombasa, mwaka wa 1875, kwa watumwa waliookolewa katika majahazi ya bahari ya Hindi. Newton hakuyaona hayo.

Rafiki zake walimwambia apumzike, asihubiri tena, maana alikuwa akisahau maneno katikati ya mahubiri. Hakukubali. Alihubiri mara ya mwisho mwaka wa 1806, akiwa na miaka zaidi ya themanini. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ilitiwa sahihi, ikawakataza Waingereza wote kununua na kusafirisha watumwa. Haikuwafungua waliokwisha kuwa watumwa. Hao walingoja mpaka mwaka wa 1834. Lakini merikebu za Liverpool hazikuenda tena visiwa vya Plantain kwa kazi ile kwa ruhusa ya serikali, na Newton alikuwa hai kusikia habari hiyo.

Alikufa tarehe 21 Desemba mwaka ule ule, akazikwa katika kanisa lake mjini London pamoja na Mary. Na mwaka wa 1893 mifupa yao ilihamishiwa Olney. Maneno ya kuandikwa ukutani alikuwa ameyaandika mwenyewe kabla ya kufa. Hakutaka aitwe nahodha. Alitaka watu wasome kwamba hapo zamani alikuwa mtu asiyemwamini Mungu, mtumishi wa watumwa katika nchi ya Afrika.